Nilipaka dawa ya meno kwenye miwani ya kuogelea, nikamlilia baba mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Hii sikusimuliwa na rafiki wa rafiki. Ni mimi mwenyewe, na macho yangu ndiyo mashahidi maana ndiyo yaliyoumia.

Naishi Kagugu, hapa Kigali. Nilikuwa nataka kumuoa Solange. Baba yake ni afisa mstaafu, amekulia Bukoba, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kila Jumamosi asubuhi anaogelea kwenye bwawa la hoteli moja upande wa Kibagabaga.

Siku moja akanipigia: "Jumamosi njoo tuogelee."

Solange akaniambia huo si mwaliko, ni interview.

Kuogelea najua. Tatizo miwani. Nikivuka bwawa mara moja tu, inajaa ukungu, nabaki kama naogelea ndani ya uji.

Dawa ya kawaida naijua: tema mate ndani, sugua, suuza. Lakini wakuu, unatemaje mate mbele ya baba mkwe? Mimi hata kupiga chafya mbele yake naomba ruhusa.

Mtandaoni nikakuta jamaa anasema paka dawa ya meno, kisha suuza. Nikapaka ile kali ya mint. Kusuuza nikasuuza kidogo tu, nikiwaza ikibaki nyingi ndiyo itafanya kazi zaidi. (Akili hizi sijui nilizitoa wapi.)

Jumamosi bwawani, kwenda: safi kabisa. Naona hadi vigae vya chini. Mzee yuko kushoto, tunaenda sambamba, nikajiona nimeshaoa.

Kurudi: maji yakapenya kwenye miwani. Yakakutana na dawa.

Yampayinka, mama yangu! Kama nimekamuliwa pilipili. Nikafumba macho, nikaogelea kwa imani mpaka nikagonga ukuta.

Mzee alishafika. Simuoni, nasikia sauti tu:

"Kijana, nikuulize kiume. Solange umempendea nini?"

Nikavua miwani nimjibu. Machozi yakamwagika, kamasi ikafuata. Nikafungua mdomo, ikatoka kwikwi.

Mkono wake ukatua begani kwangu.

"Basi, mwanangu. Basi. Nimeelewa."

Ningenyamaza pale, ningekuwa shujaa wa mapenzi wilaya nzima ya Gasabo. Ila nikasikia na yeye anavuta kamasi. Nikashindwa.

"Mzee, unisamehe. Solange nampenda kweli. Lakini haya machozi ni ya dawa ya meno."

"Ya nini?"

"Ya meno, mzee."

Nikaeleza yote, hadi ile aibu ya kutema mate mbele yake.

Alicheka hadi mlinzi wa bwawa akasogea akidhani anazama. Kisha akavua miwani yake, akaitemea, akasugua taratibu, akasuuza. Akaniangalia.

"Tema na wewe. Sitaki mkwe kipofu."

Nikatema. Mate yalishakauka kwa woga, ikabidi nirudie.

Tukaondoka tena. Nikiwa katikati ya bwawa ndipo neno "mkwe" likaniingia kichwani. Nikasimama palepale. Safari hii nililia kweli, na hakuna aliyejua.

Funzo: mate yanatosha. Kama unaona kinyaa, tone moja la shampuu ya watoto, suuza vizuri. Dawa ya meno iacheni kwenye mswaki.

Haya, nani mwingine ameshaumbuka mbele ya wakwe? Mwageni hapa bila woga, mzee wangu hayumo humu.

Nadhani.