Gunia la Mbwa

Wewe unayeuliza kama mbwa mzima anafaa kula ugali, kaa kidogo nikusimulie juu ya mbwa wa mama mkwe wangu.

Niliolewa karibu na Butali miaka ile ya neema ya miwa. Watu walipanda miwa hadi ukutani mwa jikoni, na trela zilipopita zilidondosha vipande tulivyookota na kutafuna tukicheka. Hata leo nikinusa sukari inayochemka, namkumbuka mama yule. Mahindi yalibaki kwenye kishamba nyuma ya nyumba, na uwanja wa kuyaanika haukuwepo tena. Mvua ikayanyeshea. Tulipoyachambua, mazuri yalienda ghalani, yenye ukungu yakatiwa gunia la mbwa. Kila boma lilifanya hivyo, nami niliyasaga na kumpikia bila wasiwasi.

Tangu baba mkwe afariki, mbwa huyo ndiye aliyemsindikiza mama kisimani, na Jumapili alimngoja nje ya kanisa. Siku moja alikataa chakula. Akatapika, macho na ufizi vikawa manjano. Mume wangu akasema kosa ni ugali: mbwa ni wa nyama, na kwa kuwa miwa imelipa, anunuliwe nyama.  Mama alikuwa ameketi chini, kichwa cha mbwa mapajani.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka Lurambi. Alimdunga sindano, hakutuahidi kitu, kisha akaomba kuona mahindi. Nikamwonyesha gunia.

"Haya wewe ungekula, mama?"

"Sisi hatuyali. Ni ya mbwa."

"Kwa hivyo yeye ndiye anawaonjea sumu."

Niliinama kwa aibu, lakini alinieleza polepole. Nafaka iliyopikwa ikaiva haimdhuru mbwa mzima; inampa nguvu, ila peke yake haitoshi, inataka samaki au nyama. Kilichomwangusha ni ukungu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Gunia tulilichoma. Mama alimnywesha mchuzi kwa kijiko siku nyingi, hadi asubuhi moja mbwa akalamba ugali laini kiganjani mwake. Mama akaniita nije nione.

Basi chambua mahindi kabla ya kusaga, na hindi lenye ukungu lichome lote. Pika mazuri yaive, changanya na omena, dagaa wa ziwani, bila chumvi wala kitunguu, yapoe, ndipo umpe.