Kahawa Iliyopoa Mbele ya Bi Huwaida

Wananiudhi hawa wajukuu. Kila siku, bibi tuandikie habari ya Wasan, wewe ndiye unayeijua. Mimi chuoni nilisoma juzuu mbili tatu, na herufi hizi za Kizungu nimezidokoa ukubwani. Lakini nikiwaachia wao wataitia sukari, na habari hii haina sukari. Basi kaeni kitako.

Wasan ni binti wa hapa Ibra, Omani, mjukuu wa Bi Khole, yule aliyezaliwa Malindi, Unguja, akaja huku na sanduku moja na ulimi wake. Ulimi ule Wasan kaurithi. Siku hizi anang'oa meno zahanati, na watu wazima huingia wanatetemeka. Koleo hawaliogopi, wanaogopa macho yake.

Udaktari wa meno alisomea Urusi, mji wa Kazan, kwenye baridi inayouma mpaka kope. Mwenziwe Rahila, msichana wa Sur, ndiye aliyempeleka kujitolea kwenye nyumba ya mayatima siku za mapumziko. Wasan alidhani atakuta watoto waliofiwa. Akakuta wengi wazee wao wako hai, wamewaacha tu, na hilo likamkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kuwasomea, kukaa nao sakafuni, kuwasuka. Wasichana walipanga foleni ukumbini, harufu ya kabeji imejaa tele, kila mmoja na kitana chake. Aliyekwisha kusukwa hurudi nyuma ya foleni, akazifumua nywele mwenyewe, ili aguswe kichwa mara nyengine. Alipoliona hilo, Wasan hakuikosa siku hata moja.

Mmoja akiitwa Liliya, miaka saba, nywele nyeusi tititi. Hasemi na mtu, na mkate huuficha chini ya mto. Bi Khole aliposikia, akakaa akamshonea kanzu ya Kisharqiyah, mshono wa mkoa wetu huu, na suruali yake ya tarizi, akampa mwanafunzi aliyekuwa akirudi huko. Idi ile Wasan akamvisha mtoto, wakapigwa picha pamoja. Liliya alikataa kuivua, akalala nayo.

Picha ikafika kwa Bi Khole, na Bi Khole kwa furaha akaitia kwenye kundi la jamaa katika simu, bila neno hata moja. Aandike nini? Nani asiyeujua mshono wake? Hilo ndilo kosa, na ni kosa la mwanamke anayeamini sindano yake inasema.

Bi Huwaida alikuwa mama yake Azzan, mchumba wa Wasan. Naye yumo kundini. Aliitazama picha, akaona nywele nyeusi, kanzu ya Ibra, na mkono wa Wasan begani kwa mtoto. Hakuuliza. Jumatano akenda soko la wanawake, baina ya wauza bukhuri na wauza vitambaa, akanong'ona ule mnong'ono unaofika mbali: mtoto wa nani yule, na mbona bibi anamshonea? Kufika adhuhuri Wasan ana mtoto wa haramu Urusi. Wala hakutokea wa kupiga hesabu kwamba mtoto ana miaka saba na Wasan huko ana miwili tu. Bi Khole alieleza, wakasema anamfichia mjukuu wake. Posa ikavunjwa. Azzan akanyamaza kama aliyelishwa gundi.

Wasan alimaliza masomo, akarudi. Hakulia mbele ya mtu. Hasira yake aliitia chomboni kama watu wanavyotia tende, akakaza kifuniko, isiharibike.

Kisha Rahila akaolewa hapa Ibra. Siku ya walima wanawake wakamuuliza habari ya ile picha, naye akawaeleza kila kitu, jina la mtoto mpaka ule mkate wa chini ya mto. Toka hapo Azzan akawa hapati mke. Kila nyumba yenye binti ilimwogopa mama mkwe yule. Ndipo Bi Huwaida alipokuja kwa Bi Khole, na halwa mkononi, na wifi yake ubavuni.

Kwetu huku mgeni mwenye haja kubwa hupokea finjani ya kahawa akaiweka chini, asiinywe. Mwenye nyumba akimwambia kunywa kahawa yako, basi haja imekidhiwa. Bi Huwaida akaweka finjani yake chini, akasema yaliyopita si ndwele, posa na irudi kama ilivyokuwa.

Wasan alikuwa ameshika dele la kahawa. "Bibi, kwa idhini yako."

"Idhini unayo, mwanangu."

"Bi Huwaida, neno lile ulilisema sokoni. Kaseme sokoni kuwa ni uongo, kisha njoo uulize haja yako."

"Mbele ya wauza vitambaa, mwanangu?"

"Mbele yao ulipata sauti."

Bi Huwaida akamtazama Bi Khole. Bi Khole akatengeneza mtandio wake. Kahawa ikapoa.

Jumatano Bi Huwaida akenda. Akaanza kwa sauti ya chini, na muuza bukhuri mmoja akamwambia, "Pandisha, mama, huku nyuma hatusikii." Akapandisha. Akasema alimsingizia binti wa watu, na mtoto ni yatima wa Kirusi. Wasan alikuwa papo hapo, anachagua zari asiyoihitaji. Hakuinua uso, wala halikumpita neno.

Alasiri Bi Huwaida akarudi, Azzan anangoja garini mlangoni. Finjani ikajazwa, ikawekwa chini, haja ikatajwa.

"Jina langu nimelipokea," Wasan akasema. "Azzan simtaki."

"Nimefanya ulilotaka."

"Umefanya lililokupasa. Nilikwambia uje uulize, umeuliza. Mwanao alinyamaza siku niliyomhitaji aseme. Na akae na kimya chake."

Bi Huwaida akaitazama finjani. Akiinywa bila ya kuambiwa anywe, amelimeza lile jibu.

"Inapoa, mwenzangu," akasema Bi Khole, kwa upole kabisa.

Akaondoka bila kuinywa. Wasan akaitwaa finjani, akaimwaga kizingitini kabla gari halijaondoka, mama na mwana wanatazama. Wapo wanaosema kazidisha. Mimi nasema alimimina kwa kipimo.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa. Neno lile halikutembea kwa miguu ya Huwaida peke yake. Kama lilipita kwako, inuka uende kwa uliyempa, ukamwambie ni uongo, kwa mdomo, si kwa simu. Nenda leo. Nitauliza kama umekwenda.