Mtu Aliyekufa Mara Arubaini na Moja

Wael, mtoto wa marehemu dada yangu, nnamjua tangu hajaota meno, kwa hivyo asije mtu kunifundisha habari zake. Kuna vijana hapa Maskati wanaandikiana kwenye simu kwamba ni nyota wa Marekani. Nyota! Nyota gani inayopigwa risasi watu hawajamaliza hata bisi zao?

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati na mama yake ana miaka mitano, wakati nchi ilipokuwa inawaita watu wake warudi. Darasani alikuwa hodari wa hesabu, serikali ikampeleka Marekani akasomee uhandisi wa mafuta. Tulichinja mbuzi wawili siku ya kumuaga. Mbuzi waliliwa, mhandisi hatukumwona.

Mwaka wake wa pili huko, siku ya theluji, aliingia katika jumba moja kutafuta joto. Kumbe ndani watu wanafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, na aliyekuwa abebe sinia kashikwa na homa. Wakamwambia wewe hapo, beba sinia. Akalibeba. Mtoto wa kiume ambaye kwetu hajapata kubeba hata kikombe chake mwenyewe kukipeleka jikoni, amevuka bahari kwenda kubebea Wamarekani sinia, tena wakampigia makofi! Basi hayo makofi yakamwingia kichwani, mafuta yakabaki chini ya ardhi yake. Baba yake alikaa miaka minne hamtaji jina.

Jukwaani, nisimdhulumu, alikuwa mtu. Alikuwa mfalme, alikuwa kadhi, na mara moja alikuwa mti. Lakini ufalme wa jumba la viti sitini haumshibishi mtu, akaingia kwenye sinema. Watu wa sinema wakamtazama pua, wakamtazama ndevu, wakakubaliana papo hapo: huyu afe. Wakamfanya dereva wa teksi, akafa. Wakamfanya mtega mabomu, akafa mwenyewe na bomu lake. Wakamfanya mwana wa mfalme, akasukumwa kutoka juu ya ghorofa. Ngamia aliyekuwa naye katika picha ile alisalimika. Miaka thelathini amekaa kwenye kazi hiyo, na mjukuu wangu Noof amemhesabia vifo arubaini na moja, bila ya kile cha kwenye tangazo la sabuni.

Picha moja walimwambia: hapa panda juu ya meza, wapigie kelele hawa mateka kwa Kiarabu, watishe. Akawauliza niseme nini? Wakamwambia sema lolote, maneno ya chini tutayaandika sisi. Mwanangu akapanda na bunduki, macho mekundu, akapiga kelele, tena kwa Kiswahili: "Kaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu! Vitoe! Nyama itie tangawizi na thomu!" Chini wakaandika kwamba anaapa kuuangamiza mji. Marekani nzima imetetemeka kwa biriani yangu. Mimi nilipoiona nilikasirika siku tatu, maana hakutaja mtindi. Biriani gani hiyo bila mtindi? Watu watasema nimemfunza hivyo.

Sasa nije kwenye koti. Mara moja tu katika umri wake wote walimfanya daktari. Alivaa koti jeupe na kipimo shingoni, akaingia chumbani kwa mgonjwa, akasema "Mambo si mabaya", akapigwa risasi kutoka dirishani. Lakini kabla ya risasi walimpiga picha, akamletea mama yake. Dada yangu alipofariki nikaichukua mimi, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni kwangu Mabela, pale mgeni akikaa lazima aione. Mgeni huuliza, "Bi Kheiria, huyu ni daktari?" Nami humjibu, "Koti si unaliona?" Basi. Neno daktari halijatoka kinywani mwangu hata siku moja. Kama watu wa Maskati wanapenda kumaliza maneno wenyewe, kosa langu liko wapi?

Akarudi ana miaka hamsini na saba na masanduku mawili. Nikamuuliza, "Umefukuzwa?"

"La, Mama Mkubwa. Magoti. Siwezi tena kuanguka vizuri. Wamepata vijana wa kuua."

Nikampa chumba cha nyuma. Noof akamvuta skuli kwao awasaidie na mchezo wao wa kufunga mwaka, na mchezo huo ulikuwa mikononi mwa mwalimu wao Khulood, mjane wa watu wa Bawshar, mwanamke mtulivu, mumewe alifariki kwa ajali ya gari miaka sita nyuma. Wiki ya pili nikaona Wael anaacha biriani sahanini. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba! Sikuhitaji kuambiwa.

"Unamtaka?" nikamuuliza.

"Namtaka. Na nikimkosa huyu, narudi kule kwenye chumba changu kimoja, Mama Mkubwa. Hapa sitaweza kukaa na kumuona akipita."

Basi nikajua iliyobaki ni kazi yangu. Wanaume wakubwa wa kwetu wamekwisha, kwa hivyo posa niliipeleka mimi. Nilimpigia simu mwenyewe kaka yake Khulood, Humam, bwana mkubwa wa wizarani. Akaniuliza asili, nikamtajia mpaka babu wa saba. Akaniuliza sala, nikamwambia anasali. Akaniuliza kazi, nikamwambia, "Sheikh, wewe umewahi kufika kwangu, picha ya ukutani umeiona."

"Ah! Yule daktari!" akasema. Mimi nikakohoa.

Katika gari, kwenda Bawshar, nikamwambia Wael: "Ukiulizwa kazi wewe tabasamu tu. Nitasema mimi."

"Utasema nini?"

"Endesha gari."

Tukapokewa vizuri, halua, kahawa, vileja. Humam amekaa kwa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Mama yao, bibi wa makamo yangu, amekaa pembeni na kikapu mapajani. Nilidhani kikapu cha mishono. Salamu hazijamalizika, bibi akakifunua: kimejaa dawa mpaka juu.

"Daktari, mwanangu, karibu kwetu," akasema. "Hii nyekundu niinywe kabla ya kula au baada? Na hii nyeupe alinipa jirani, yeye imemfaa. Na goti hili, hebu lishike."

Wael akanitazama. Mimi nikaitazama halua.

Humam naye akasogea, akashusha sauti: "Daktari, na mimi kuna kitu hapa kifuani, nikipanda ngazi." Mtu huyo huyo aliyenihoji babu saba sasa anafungua vifungo vya kanzu mbele ya wageni.

Na Wael, wallahi, alikuwa anaiweza kazi ile. Alimshika bibi mkono, akainamisha kichwa, akatia upole machoni. Hata mimi niliyemlea nilitamani kumuonyesha presha yangu. Nikasema moyoni, haya mwanangu, cheza, dakika kumi tu, kisha tusome Fatiha. Akakichukua kile kidonge chekundu, akakigeuza. Bibi anamtazama kama anangoja hukumu.

Akakirudisha kikapuni.

"Mama, mimi si daktari. Dawa hii nikikwambia kabla au baada naweza kukuua. Muulize aliyekupa. Na hiyo ya jirani mrejeshee mwenyewe."

Bibi akakivuta kikapu chake.

"Na ile picha?" akauliza Humam.

"Koti lile lilikuwa la watu wa sinema. Nililivaa asubuhi moja, nikapigwa risasi, wakalichukua wakalifue."

"Sasa kazi yako wewe nini?"

"Kuigiza. Zaidi kufa."

Humam akafunga vifungo kimoja kimoja, akanigeukia. "Bi Kheiria, mtu mzima kama wewe unatudanganya?"

"Nilikwambia daktari mimi? Lete mtu aliyelisikia!"

"Dada yangu simpi mtu ambaye kazi yake kujifanya."

Hapo damu ikanipanda. "Na wewe wizarani, tangu saa moja u nusu mpaka saa nane u nusu, unafanya nini? Mwenzako angalau akijifanya watu wanakata tikiti."

Wael akasema, "Mama Mkubwa, tuondoke." Akasimama. Uso wake sijapata kuuona vile, na mimi vifo vyake vyote arubaini na moja nimevitazama.

Ndipo Khulood akaingia na birika la kahawa. Akammiminia yeye kwanza.

"Kaa," akamwambia. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuona juu ya meza na bunduki. Mtindi umeusahau."

"Ulijua?" kaka yake akaruka. "Ukatuacha mama anatoa goti?"

"Nilitaka kuona kama mtu huyu anaweza kuwa yeye mwenyewe kwa nusu saa. Ameweza kabla kahawa haijapoa." Kisha akamgeukia Wael, na sasa hacheki. "Lakini mimi nimekaa eda mara moja, miezi minne na siku kumi, na kila siku moja yake naikumbuka. Siwezi kufungua televisheni nikuone unafunikwa shuka. Ukinitaka mimi, usife tena. Si kwa risasi, si kwa bomu, si kwa mchezo."

"Sitakufa," akasema Wael, kama mtu anayeahidi kuleta mkate.

Humam akasema basi, yeye na dada yake ni watu wawili: dada kaweka sharti lake, na yeye ana lake. Mtu lazima awe na kazi inayosemeka mbele za watu. Tukaondoka hatujakataliwa na hatujakubaliwa, na halua hata sikuionja.

Siku nane baadaye, baada ya alasiri, simu ikalia kutoka Marekani. Wakala wake. Kuna picha kubwa, na wanamtaka yeye na hawamtaki mwengine: mzee wa Kiarabu mwenye duka, baba wa watoto, hana bunduki, hana bomu. Yumo tangu mwanzo mpaka mwisho, na jina lake litaandikwa juu kabisa kwenye bango. Miaka thelathini alikuwa akiingoja simu hiyo. Nikamuona anasikiliza, mkono umeshika ukuta.

"Na mwisho wake?" akauliza.

Mwisho wake mzee anafariki. Kitandani, kwa heshima, shuka safi, watoto wamemzunguka.

"Hawezi kupona?"

Nilisikia kicheko cha yule wakala mpaka pale nilipokuwa nimekaa. Akampa siku tatu.

Mimi, nisijifiche, nilimwambia aende. "Kafe mara hii moja, urudi. Kifo cha kitandani si kifo kibaya. Na bango tutalitundika hapa pahala pa koti."

"Nimempa neno, Mama Mkubwa."

"Mwanamke mwenyewe hujampata!"

"Ndiyo maana."

Alikaa siku tatu uani karibu na tangi la maji, anasoma karatasi alizoletewa kwenye simu, na mara mbili nilimsikia akiyasema maneno ya yule mzee kwa sauti ya chini. Nilisimama nyuma ya mlango. Nisiseme mengi. Nilikuwa namsikia marehemu baba yake akizungumza, yule yule aliyekaa miaka minne hamtaji. Siku ya tatu akapiga simu, akasema hapana, ahsante, wakamaliza kwa dakika mbili. Mimi nikaenda jikoni nikavunja sahani kwa bahati mbaya.

Khulood hakuambiwa na mtu. Noof ndiye aliyeropoka darasani. Siku ile ile Khulood akaniletea habari mwenyewe mpaka Mabela: chuo kimoja cha madaktari, ndani ya hospitali, kinatafuta watu wa kuigiza ugonjwa, ili wanafunzi wajifunze kuuliza na kupima kabla hawajakabidhiwa wagonjwa wa kweli. Nikamuuliza, "Mtu mzima analipwa kwa kujifanya mgonjwa?" Akanijibu, "Bi Kheiria, wako wanaolipwa kwa kujifanya wazima."

Wakamchukua siku ile ile waliyomjaribu. Jumapili ana figo, Jumanne ana moyo, Alhamisi mgongo. Wanafunzi wanajifunza kwake hata namna ya kumpa mtu habari mbaya, na yeye hulia mpaka msichana mmoja akatoka nje kulia naye. Humam nikampigia mwenyewe.

"Sheikh, Wael yuko hospitali."

"Anaumwa?"

"Anafanya kazi. Madaktari hawapewi shahada mpaka wapite mbele yake." Na katika hilo niambie neno moja la uongo liko wapi. Akaliona zuri, na jioni ile nasikia alikuwa analisema barazani kama lake. Ndoa ikafungwa mwezi wa Rajab. Biriani nilipika mimi, na mtindi.

Sasa wanakaa Bawshar. Kila akirudi saa nane mchana Khulood humuuliza mlangoni, "Umepona leo?" Akijibu amepona, anapakuliwa. Lakini mwezi uliopita mwanafunzi mmoja, kijana anaitwa Loay, alisahau kumuuliza dawa gani zinamdhuru, akamwandikia hiyo hiyo inayomdhuru, mwalimu wao akatangaza mbele ya darasa kwamba mgonjwa huyu amekwisha kufa. Wael alikuwa amekaa kitini, macho wazi, hakujilaza hata kidogo. Akafanya ujinga wa kwenda kulisimulia nyumbani.

Khulood akafunga sufuria. Nikaitwa mimi kusuluhisha, kutoka Mabela, kwa jua lile. Nikawakuta mmoja jikoni, mmoja sebuleni.

"Aliahidi," akasema Khulood.

"Sikufa," akasema Wael. "Niliuliwa."

Miaka thelathini aliuliwa na mabingwa, hakuna aliyemnyima chakula. Nikawaambia wote wawili wakae, nikatoa uamuzi wangu, na haukatiwi rufaa: kuanzia siku ile, mwanafunzi asimguse Wael kabla Wael mwenyewe hajamwambia kwa kinywa chake, "Daktari, mimi kufa siruhusiwi, nina mke." Ameanza kuwaambia. Nasikia wanacheka, lakini hakuna tena anayesahau kuuliza dawa.

Na sebuleni kwangu nimetundika picha nyengine karibu na ile ya koti. Wael yuko kitandani, makoti meupe tisa yamemzunguka, yote yanamsikiliza. Mgeni akiniuliza ni nani pale aliye wetu, namwambia atafute mwenyewe.