Kikohozi cha Bwana Asiyekuwapo

Mume wa mama mdogo hakuwa akipiga hodi kwake. Alikohoa. Mara mbili fupi, kisha akasafisha koo, khrr, na kabla hiyo khrr haijesha mama mdogo alitakiwa awe ameshafika mlangoni, amepiga magoti na beseni la maji ya kumwosha miguu, aseme, “Labeka, bwana.” Akichelewa, ni mkanda. Ilikwenda hivyo miaka sita, mpaka alipompa talaka na kumrudisha kwa mamake, nyanya yangu, huku Likoni, na sanduku moja la nguo.

Mimi nilikuwa nikilelewa na nyanya. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na roho mbaya nilikuwa nayo tayari.

Mara ya kwanza nilikohoa kweli, nimepaliwa na bisi. Mama mdogo, aliyekuwa akichambua mchele, aliruka na ungo ukapinduka. Mchele wote chini! Nyanya akacheka, akasema, “Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka.” Mama mdogo naye akacheka, lakini mikono ilimtetemeka mpaka adhuhuri. Mimi niliitazama ile mikono.

Basi nikajifunza. Nilikumbuka kile kikohozi tangu siku nilizokwenda kwao kutembea, na nilijizoeza chooni mpaka nikakipata sawasawa, na khrr yake. Nikijificha nyuma ya banda la kuku, nikakohoa, namwona anaacha kila kitu, anakimbilia mlangoni, anakuta njia tupu. Anarudi polepole, jasho limemtoka. “Mwanangu, umesikia mtu akikohoa?”

“Sikusikia mtu, mama mdogo.”

Nikiisha kusema hivyo naenda uani nikacheke, nimejiziba mdomo kwa leso. Msinitafutie sababu. Ningeweza kusema nilikuwa mtoto asiyejua. Nilijua. Ilinichekesha, basi.

Kisha ikaja posa. Mwanamume mmoja wa Kisauni aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la vitambaa, mtu asiyempandishia sauti hata punda. Mama mdogo alianza kula. Alipokuwa akinisuka aliniambia, “Nataka mlango wangu mwenyewe, mwanangu, na komeo liwe ndani. Nikilifunga kwa mkono wangu, wallahi nitalala.” Hakutaka dhahabu wala nini, alitaka komeo tu.

Wanawake wa upande wa yule bwana walikuja baada ya alasiri kumtazama, dadake na shangazi yake. Wamevuka daraja, wamevuka feri, wamefika wamechoka lakini wamefurahi. Nyanya alikuwa ametoa mkeka mpya. Ubani, visheti, kila kitu. Mama mdogo akatoka jikoni na birika la kahawa, amejitanda leso, mzuri kuliko nilivyowahi kumwona. Mimi niko nyuma ya banda.

Nikakohoa. Mara mbili, na khrr.

Wageni walikuwa wakicheka kwa sauti, hawakusikia. Nyanya hakusikia. Sikio lililosikia ni moja tu nyumbani mle.

“Labeka, bwana!”

Birika likaanguka, kahawa ikamwunguza miguu yake mwenyewe, wala hakuihisi. Alikimbia mpaka mlangoni, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili kushika beseni ambalo halikuwapo.

“Audhubillahi!” dadake yule bwana akasema. “Huyu aitwa na nani? Nyumba haina mwanamume.”

Shangazi mtu alikuwa ameshashika buibui lake. “Ana mumewe huyu. Mume wa kijini. Sisi hatuposi mke wa jini.”

Wakaenda zao, visheti hawakuonja.

Nyanya akamwita mganga. Siku saba mama mdogo alifunikwa shuka na kufukizwa, anapungwa, na mimi ndiye niliyetumwa makaa. Mganga akamtaka amtaje huyo jini kwa jina. Mama mdogo akataja jina la mume aliyemwacha. Nilikuwa nimesimama pale na chetezo mkononi, na neno moja langu lingeyamaliza yote. Sikulisema.

Ukubwani daktari mmoja alinieleza kwamba ndani ya ubongo kuna kipande kidogo kama lozi, kazi yake kulinda. Hicho hakingoji kufikiri. Husikia, kikaamuru mwili ukimbie. Ipo sehemu nyingine, hapa nyuma ya paji, inayokuja baadaye kusema, tulia, ni mtoto tu anacheza. Lakini hiyo ya pili yataka iambiwe ukweli ndiyo iweze kutuliza. Ya mama mdogo niliiambia, “Sikusikia mtu.”

Mwaka wa uhuru, ningali kwa nyanya, nilishikwa na homa ya kifua. Mchana mmoja, redioni wanaimba hakuna tena bwana wala mtumwa, kikohozi kikanibana. Mara mbili, na kohozi likanikwama: khrr. Wallahi sikukusudia. Mama mdogo akaja mbio na beseni, la kweli safari hii, akapiga magoti kando ya kitanda changu. “Labeka, bwa...”

Akaniona. Akaliweka beseni chini. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba, “Mwanangu. Siku ile ya kahawa. Ulikuwa wewe?”

Alitaka iwe ni mimi! Nililiona hilo usoni pake. Ningesema naam, angekuwa mzima, hana jini, hana wazimu, ni mtu aliyeudhiwa na mtoto mshenzi.

Lakini nami nina lozi yangu. Niliona bakora ya nyanya, niliona aibu, na ulimi ukajibu kabla yangu.

“La, mama mdogo. Sikuwa mimi.”

Akainama, akanishika miguu, akaanza kuiosha.