Moyo wa Olinga Wapimwa Ukiwa Kazini

Jua halijawa kali, na tayari Paulinus Olinga anavuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia kwa mara ya pili. Ameinama juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, mikono ikizungusha pedeli zilizo mbele ya kifua. Nyuma, katoni za sabuni zimefungwa kwa vipande vya mpira.

"Boss, pisha kidogo," anamwambia mchuuzi wa ndizi aliyeziba njia. Mchuuzi anapisha.

Olinga, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, hajatembea tangu polio ilipompooza miguu utotoni, kwao karibu na Malaba. Kwa mikono hiyo ameoa, akasomesha watoto wanne na kujenga nyumba ya mabati kijijini Mundika.

"Watu wananiona wanafikiri mimi ni mzigo," asema. "Mimi si mzigo wa mtu. Mimi ndio nabeba."

Mwaka jana, 1997, kifua kilianza kumsumbua. Kila alipopanda kimlima akiwa na shehena, kilimbana na maumivu yakateremka mkono wa kushoto. "Ni kama mtu amenifunga na ule mpira wa mizigo, akavuta," aeleza. Akipumzika kidogo, yanatoweka.

Siku moja mkewe, Nerima, alimkuta ameegemea ukuta wa duka, jasho likimtiririka. "Nikamwambia, Baba Aluka, leo hatuendi nyumbani. Tunaenda hospitali."

Huko alilazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo ya moyo. Mchoro ulikuwa safi. Wakadhani ni tumbo, akapewa dawa za vidonda. Aliporudi akilalamika, mhudumu mmoja alimshauri aache kazi, kwani mtu wa hali yake hapaswi kujitesa.

"Hapo ndipo nilikasirika," asema Olinga. "Kitandani siumwi. Naumwa nikiwa kazini. Sasa ukinipima nimelala, utaona nini?"

Hasira hiyo ilimfikisha Kisumu kwa daktari wa moyo, Elly Amollo, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya basi. Daktari alikubaliana naye. Mishipa inayoulisha moyo damu ikiziba nusu, alimweleza, moyo uliotulia huenda usilalamike. Upungufu hujitokeza unapotumikishwa. Ndiyo maana mgonjwa hutembezwa kwa kasi juu ya mkanda unaosonga, huku nyaya zikiwa kifuani. Ng'ambo, aliongeza, wataalamu wameanza kupiga moyo picha kwa mashine ya sumaku, baada ya kumdunga mgonjwa dawa ya kuukimbiza. Hiyo haijafika huku.

Muuguzi aliitazama miguu ya Olinga, akasema kipimo hakiwezekani.

"Nikamwambia, dada, moyo wangu haujui miguu. Unajua mikono. Siondoki hapa."

Daktari Amollo akaagiza baiskeli iingizwe ndani. Waliiinua kwa matofali, magurudumu yakawa yanazunguka bila kwenda popote. Olinga akabandikwa nyaya, akaanza kuzungusha. Daktari akashika breki taratibu ili kuongeza uzito.

"Sasa panda mlima, mzee," akamwambia.

Kifua kikabana. Kwenye karatasi ya mashine, mistari ya mapigo ikazama, dalili kwamba moyo unakosa damu. "Acha sasa," daktari akasema, akamwekea kidonge chini ya ulimi. Nerima, aliyekuwa mlangoni, alilia. Mumewe hakulia.

"Nilifurahi," asema. "Mwaka mzima naambiwa sina kitu. Sasa kitu kimeonekana."

Leo anameza dawa kila siku, amepunguza shehena, na kwenye kimlima hukubali kusukumwa, jambo ambalo zamani lilikuwa matusi kwake. Kanisa lake linachanga ili afanyiwe upasuaji Nairobi. Anajua kwamba hatari haijapita.

Lakini kwanza ana safari nyingine. Mwenzake wa baiskeli ya mikono, Okwara kutoka Matayos, naye anabanwa kifua akibeba, naye ameambiwa ni mzima. Wiki ijayo Olinga anampeleka Kisumu.

"Tunaenda na baiskeli yake," asema. "Wakituambia haiwezekani, tutakaa hapo mlangoni mpaka iwezekane."