Siki ya Dobi

Katika chumba cha kufulia cha hoteli ile, hapakuwa na doa lililomshinda. Divai, damu, wanja: alinusa shuka tu, akajua linataka siki au sabuni kali. Wenzake walimwita Mama Safi, hata kabla hajawa mama wa mtu.

Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza kufika huko, na lilikuwepo doa lililomshinda. Lilikuwa kwenye nguo yake ya ndani: ute mwepesi wa kijivu, wenye shombo ya samaki. Kila alipokwenda kliniki mkunga alimuuliza, "Unatokwa na uchafu wowote ukeni?" Naye alijibu upesi, "Hapana." Mama Safi anukeje? Akafanya alichokijua: akazimua siki kwa maji, akawa anajiosha ndani kila asubuhi. Harufu ilipotea hadi adhuhuri, kisha ikarudi kwa kishindo.

Siku moja alikuwa akikunja shuka na wifi yake, dada wa mumewe aliyefanya naye kazi hotelini, tumbo likakaza kama jiwe. Likaachia. Likakaza tena.

"Huyo anagonga mlango mapema," wifi akatania. Alipomwona uso, akaliachia shuka.

Kliniki, mkunga akauliza swali lile lile.

"Wifi, nisubiri nje."

"Nje nikafanye nini? Tunakunja shuka moja kila siku, unadhani mimi sina pua?"

Alitamani sakafu immeze. Macho chini, akasema yote, mpaka siki.

Mkunga hakucheka. "Haya ni maambukizi, mama, na yanawapata wengi. Ila yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na siki inayazidisha. Ndani hakufuliwi." Akampima, akachukua ute kwa pamba, akampa dawa, akamlaza wamwangalie. Mlango wa kizazi ulikuwa bado umefungwa.

Jioni tumbo lilikuwa limelegea. Mtoto akapiga teke.

"Kama ulijua, mbona hukuniambia?"

Wifi alivutavuta pindo la shuka. "Niliona haya. Nikawa nasogea tu dirishani."

Hapo akakumbuka jinsi wifi alivyokuwa akilalamikia joto na kufungua dirisha, hata alasiri za baridi kali. Akajifunika mpaka kidevuni.