Shikamoo Iliyonifunga Mkono

Sheria niliijua. Naanza na hilo ili mtu asije akanitetea. Redio yetu ndogo ya Kilosa ilitupeleka semina Mikumi, tukafundishwa na wakili, binti wa umri wa mjukuu wangu. Kashfa, alisema, haiishii kwa aliyeitamka. Aliyeirusha hewani naye kaitenda. Mpigaji simu akimtuhumu mtu kwa jina bila uthibitisho, kata simu, kisha mtafute huyo mtu naye asikike.

"Na wewe babu wa kipindi cha wakulima," akanitania, "nasikia hukati simu hata mtu akiimba."

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka.

Msimu wa kupanda ulipofika, siku ya gulio la kijiji cha Ulaya, mzee mmoja wa Masanze alipiga simu tukiwa hewani. Alikuwa rika la marehemu baba yangu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno kwa wakulima wenzangu." Akamtaja kwa jina mama mjane anayeuza mbegu pale gulioni. Kamuuzia mahindi ya kula yaliyopakwa rangi yafanane na mbegu, alisema, na shamba zima halikuota.

Nyuma ya kioo, kijana wa mitambo alipitisha kiganja shingoni: kata! Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Lakini nilikwisha mwamkia, naye kaitika. Nimzimie sauti mtu wa rika la baba yangu, wilaya nzima ikisikia? Nikangoja amalize. Akaongeza kwamba mama huyo ni mwizi tangu zamani. Nikamshukuru.

Pale Ulaya kila kibanda kilikuwa na redio. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamemzingira yule mama, wanamrudishia mifuko, wengine wanaimwaga miguuni pake.

Bwana shamba alipokwenda Masanze, aliotesha mbegu za mfuko uleule, zikaota vizuri. Mzee alikuwa amepanda kwenye vumbi akiitegemea mvua, mvua ikachelewa, mchwa wakala. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwomba aje akanushe.

"Mimi nilikuwa nasema na wewe," alinijibu, bila hasira. "Wewe ndiye uliyewaambia watu."

Tuliomba radhi hewani. Nilisoma mwenyewe, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Tulirudia siku nyingine, lakini siku ya gulio wasimamizi wa kituo waliuza muda ule kwa matangazo, nami sikubishana nao. Hilo nalo ni langu.

Yule mama alikuja kituoni mara moja tu. Aliniamkia, shikamoo kamili, kwa adabu, nami nikashindwa kuitika.

"Watu wananiambia nikushitaki, baba."

"Nishitaki, mwanangu. Haki yako."

"Nikikushitaki, jina langu litasomwa mahakamani. Mtalitangaza tena. Ungenipigia simu tu siku ile. Namba yangu unayo. Si huwa nawapa tangazo la mbegu?"

Namba yake nilikuwa nayo.

Niliacha redio. Watu walidhani nimechoka kwa uzee, wakanifanyia sherehe na kunipa kitenge cha mke wangu. Mama aliacha mbegu, akajaribu nyanya, hakuna aliyenunua. Kisha akahamia Ruaha kwa dada yake, akawa kibarua kwenye miwa.

Jina lake silitaji hapa. Nilikwisha lisambaza vya kutosha.

Majuzi nilikwenda gulioni Ulaya kutafuta mbegu. Kijana mmoja, ambaye wakati ule hata shule alikuwa hajaanza, alikuwa anageuzageuza pakiti mbele ya muuzaji mwingine kabisa.

"Isije ikawa ya yule mama," alisema, akalitaja jina. Wenzake wakacheka.

Nikamwambia kwamba yule mama hakuwa na kosa.

"Shikamoo, babu," alisema kijana, kwa heshima zote. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akairudisha pakiti mezani, akaenda zake.